Mchango Kabla ya Msiba

Katika kijiji nilichofundisha, wilaya ya Magu mkoani Mwanza, hakuna aliyehitaji kufundishwa kuchanga. Mtu akifiwa, jua halijatua daftari limeshafunguliwa chini ya mwembe, karani amekaa na kalamu yake, na watu wanapita: huyu shilingi mia tano, yule debe la mahindi, mwingine mzigo wa kuni. Harusi ilikuwa na kamati, kadi za michango na vijana wa kufuatilia ahadi. Usiku mwano ukipigwa kwamba ng'ombe wameibwa, wanaume walitoka kabla hawajajua ni ng'ombe wa nani. Wanaosema moyo wa kusaidiana umekufa vijijini sijui wanazungumzia vijiji gani. Kwetu ulikuwepo. Ila ulichelewa kumfikia mtu angali hai, hasa akiwa mwanamke, mjane na mzee.

Nililitambua hilo msibani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu yatima alivamiwa usiku na watu wenye mapanga. Simtaji jina, na kijiji sikitaji, kwa kuwa wajukuu wale leo ni watu wazima na wana haki ya kuishi bila kunyooshewa vidole. Asubuhi mlango wake ulikuwa umelala uani. Ulikuwa wa mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kamba za katani. Kufikia mchana rambirambi zilikuwa zimetosha sanda, jeneza, sukari, maharage na mchele, na chenji ikabaki. Karani alipomaliza kusoma jumla, mama mmoja aliyekuwa akisonga ugali alisimama na mwiko mkononi, akauliza kwa Kisukuma, kwa sauti iliyowafikia wanaume wote: fedha hizi jana zilikuwa wapi? Mlango wa mbao ni bei gani?

Hakuna aliyemjibu. Mzee wa ukoo alikohoa, karani akafunga daftari. Jioni, wanawake tuliobaki kuosha masufuria tukapiga hesabu ya mlango: mbao, bawaba, komeo la ndani, ujira wa fundi seremala. Haikufika nusu ya tulichokusanya kwa ajili ya kumzika.

Bibi yule alikuwa amenong'onwa kuwa mchawi. Mtu wa mbali akisikia neno uchawi hudhani ameshaelewa yote, kwa hiyo nieleze jinsi kifo cha namna ile kinavyoandaliwa. Kwa kawaida huanza na homa ya mtoto. Malaria inapanda kichwani, mtoto anashikwa na degedege, anakufa kabla ya mapambazuko. Au ng'ombe wanakufa mfululizo. Wafiwa wanakwenda kwa mpiga ramli, naye huwa hataji jina. Anasema ni mwanamke, ni jirani, amekula chumvi nyingi, macho yake mekundu. Nani katika Usukuma wa miaka ile hakuwa na bibi mwenye macho mekundu? Wanawake wale walikuwa wamepikia jikoni pasipo dirisha tangu wakiwa wasichana, kwa kuni mbichi, na pale miti ilipokwisha, kwa mavi makavu ya ng'ombe. Moshi ule huchoma macho kwa miaka hamsini, halafu siku moja macho yanageuzwa ushahidi. Baada ya hapo huja onyo, pengine barua iliyotupwa mlangoni usiku. Kisha wanakodiwa watu.

Nyuma ya homa, mara nyingi, palikuwa na shamba. Bibi tuliyemzika alikuwa na majaruba ya mpunga karibu na mto, mahali pazuri, na shemeji zake waliyatolea macho tangu mumewe afariki. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Basi tafakari hali ya mjane ambaye watoto wake wamekufa kwa UKIMWI wakamwachia wajukuu. Nani amtunze? Yumo shambani ambamo ukoo unamwona kama mgeni aliyekawia kuondoka, na kila msimu anaovuna ni msimu wa kuongeza chuki.

Kamati yetu ilizaliwa katika mazungumzo ya kuosha masufuria. Tulikuwa wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa, walimu wawili watatu, katekista, mzee mmoja wa msikitini aliyeheshimiwa na watu wa dini zote, na nesi wa zahanati. Hatukuwa wa kwanza kulishika jambo hilo. HelpAge International pamoja na mashirika ya wenyeji kama Maperece la Magu walikuwa wakifanya kazi Usukuma: majiko banifu, nyumba za wajane, wasaidizi wa sheria wa vijijini, mazungumzo na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na waganga. Tulijifunza kwao mengi. Lakini mradi una mwisho wake na gari la mradi hurudi mjini. Sisi tulitaka kitu kinachobaki.

Elimu ndiyo iliyotupa taabu kuliko fedha. Mikutano ya mwanzo ilikuwa mizuri kwa macho. Mgeni rasmi alisema tusiwaue bibi zetu, watu wakapiga makofi, watoto wa shule wakaimba, tukatawanyika. Nani angesimama kusema kwamba yeye anataka bibi wauawe? Nesi ndiye aliyeona palipokuwa na pengo. Alituambia: mama aliyefiwa na mtoto ana swali moja tu, kwa nini mwanangu amekufa? Mpiga ramli anamjibu saa ile ile, na anamjibu kwa upole, akiwa amemkalisha kwenye kigoda na kumpa maji. Zahanati inampa kipande cha karatasi. Sisi wa kamati tunampa kaulimbiu.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mtoto akifariki, nesi na mama mmoja wa kamati walikwenda nyumbani siku chache baada ya matanga, wakakaa na mama mfiwa, wakamweleza ugonjwa ulivyoingia na ulivyompanda mtoto kichwani. Hawakumlaumu kwa kuchelewa hospitali. Wakiondoka waliacha chandarua kwa watoto waliobaki. Vyandarua vile ndivyo vilivyokula fedha nyingi za mwanzo, na walikuwepo waliouliza: mlisema mnachangisha kwa ajili ya vikongwe, mbona mnanunulia watoto vyandarua? Bado nasema ilikuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote. Mtoto anayepona malaria hana wa kupigiwa ramli.

Habari ya macho tuliifundisha jikoni. Wanawake walijenga jiko la udongo lenye dohani, wakaliwasha karibu na mafiga matatu ya kawaida, na vijana wakaalikwa kukaa upande wa mafiga mpaka maharage yaive. Walitoka wakifuta machozi, macho yamewaiva. Nesi akawaonyesha na mtu mwenye trakoma, akaeleza kope zinavyojikunja na kukwaruza jicho. Hakuna aliyehitaji hotuba baada ya pale.

Upande wa fedha tulifuata njia ambazo watu walikuwa nazo tayari. Jumapili, baada ya ibada, ulifanyika mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka: kuku, trei la mayai, mafungu ya michembe, mkungu wa ndizi. Katekista alikuwa fundi wa mnada. Kuku wa elfu mbili alimzungusha mpaka akafika elfu nane, na aliyemnunua akamrudisha auzwe tena. Ijumaa mzee wa msikitini alisimama mlangoni na kikapu. Msimu wa ngoma ukawa neema. Usukuma tuna Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu enzi za mababu, na mwezi Juni, wakati wa sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, ushindani unafika kileleni. Manju wa pande zote mbili walikubali kutunga nyimbo za kuwatetea bibi, na tukaweka makapu mawili, kila chama na lake. Mgika hakubali kushindwa na Mgalu hata kwa shilingi mia. Watu walitoka uwanjani wamechoka na wamechanga, na wakaenda nyumbani wakiimba wimbo ambao mpiga ramli hakuupenda.

Kuanzia mwaka 2006 tarehe 15 Juni imekuwa siku ya kuhamasisha dunia kupinga ukatili dhidi ya wazee, na Desemba 2011 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua rasmi. Kwa wakulima wa kwetu tarehe hiyo ina uzito wa pekee. Ndio wakati pamba inapouzwa, na fedha zinaonekana kijijini. Baba yule yule mwenye noti za pamba mfukoni anaweza kununua kitasa cha mlango wa mama yake, na anaweza kupanda baiskeli kwenda kuuliza ramli ni nani aliyeua mtoto wake msimu wa mvua. Kama kuna mwezi wa kuwahi kumfikia, ni huo.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtoto wa kijiji, alisikia habari zetu akajitolea kulipa gharama zote yeye peke yake. Tulijadiliana kwa muda mrefu. Mama wa mwiko, ambaye kufikia wakati huo alikuwa mweka hazina, alikataa katakata. Alisema fedha ya mtu mmoja ikiingia, kijiji kizima kitakaa kutazama. Tukamwomba mfanyabiashara alete mabati, na kila kitongoji kitoe misumari, mbao, maji, udongo na vibarua. Naamini mama yule alikuwa na akili kuliko sisi wote. Anayeua mzee huwa amekwisha kupima: huyu hana mtu, hakuna atakayeuliza. Sasa mtu aliyetoa mia mbili ya misumari huuliza. Akipita hutazama mlango, na usiku akisikia kishindo hutoka, kwa sababu mlango ule una mia mbili yake. Kijana aliyechanganya udongo wa ukuta wa bibi ni vigumu kumkodi akaubomoe. Hesabu ya watoaji ilitulinda kuliko hesabu ya shilingi, na ndiyo maana daftari letu lilisomwa hadharani kila mkutano, jina kwa jina, na nakala ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Swali gumu lilikuwa tuanze na mlango wa nani. Kila mtu alijua ni bibi gani wanaonong'onwa, na ingekuwa rahisi kwenda moja kwa moja kwao. Mzee wa msikitini akatuzuia. Ukitia mlango mpya kwenye nyumba ya bibi anayeshukiwa peke yake, alisema, umemtangaza kijiji kizima. Kwa hiyo tulianza na mzee aliyekuwa na heshima kuliko wote, namhala wa sungusungu, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumsengenya. Naye akakubali kwa makusudi, ingawa mlango wake ulikuwa mzima. Kisha tukaenda nyumba kwa nyumba, kila mwenye miaka 60 na zaidi kwa zamu. Bibi wa kunong'onwa wakapata zao katikati ya wengine.

Na kuna bibi aliyetufundisha adabu. Wageni fulani walikuja na kamera, wakataka apigwe picha akiwa ameketi mbele ya kibanda chake cha zamani, aonekane ana huzuni, ili picha ikachangishe fedha. Akaingia ndani, akavaa kitenge chake kizuri, akatoka na jogoo. "Mwalimu," akaniambia, "waambie sina mkono wa kuomba tu. Huyu jogoo naye apelekwe mnadani." Jogoo alipelekwa. Jina la bibi likaandikwa kwenye daftari pamoja na majina ya watoaji wengine. Tokea siku hiyo kamati ikakubaliana kwamba hakuna mzee atakayesimamishwa jukwaani kusimulia alivyopigwa ili watu watoe fedha. Anayetaka kusema aseme, na aamue mwenyewe aseme nini na mbele ya nani. Nimeona mikutano mingi tangu hapo, mijini na vijijini, ambapo mzee anawekwa mbele kama kielelezo, analizwa, halafu anarudishwa kwenye kiti cha plastiki huku bahasha zikipita. Huo nao ni unyanyasaji, hata kama bahasha zinajaa.

Mlango hauzuii tamaa ya shamba. Kwa hiyo sehemu ya michango ililipia nauli na chakula cha wasaidizi wa sheria waliokuja kuwasaidia wazee kuandika wosia na kuandikisha mashamba. Walituletea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inakataa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Na walitusimulia kesi ya Holaria Pastory wa Kagera. Mama huyo alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake, akazeeka, hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 ili apate matunzo. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza shamba la ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Sijawahi kuona bibi wanasikiliza jambo kama walivyosikiliza hilo. Mmoja aliomba lirudiwe, kisha akauliza kama jaji huyo bado yuko hai ili amwombee.

Mchango wa kijiji una mpaka wake, na ni vibaya kuwaficha watu ukweli huo. Kuku wa mnada hawezi kulipa matibabu ya uzeeni ya kijiji kizima, wala hawezi kuwakamata wauaji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi mambo mazuri, lakini sera haimbani mtu mahakamani. Ramli chonganishi zilipigwa marufuku mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ilhali bibi walikuwa wakiuawa kwa ramli hizo hizo miaka mingi kabla. Zanzibar wamekwenda mbele: tangu Aprili 2016 serikali inalipa pensheni kila mwenye miaka 70 na zaidi, iwe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, lakini bibi mwenye chake huombwa chumvi na wajukuu, na anayeombwa chumvi hasukumwi nje ya nyumba kirahisi.

Wala hili si jambo la Wasukuma peke yao. Kilifi, pwani ya Kenya, wanaolengwa zaidi ni wanaume. Mvi zinageuzwa ushahidi kama macho yalivyogeuzwa kwetu, na shamba liko pale pale nyuma, ndiyo maana wapo wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa wakatafuta hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Mijini hakuna panga, lakini kuna mjukuu anayejua namba ya siri ya simu ya babu na kutoa fedha zote kabla babu hajaamka. Kuna mama anayefungiwa ndani tangu asubuhi kwa sababu anasahau njia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, karibu 1 hutendewa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja. Mtaa wako wa Mbagala au Kisauni umo katika hesabu hiyo.

Nimestaafu sasa, na daftari liko mikononi mwa wengine. Ombi langu kwako, msomaji, ni hili. Kama una kikoba, jumuiya, kamati ya mtaa, au kundi la simu la ukoo linalokusanya rambirambi, pendekeza ukurasa wa pili katika daftari hilo, kwa ajili ya wazee walio hai: mlango, miwani, nauli ya kliniki, karatasi ya wosia. Anzeni na fedha ndogo, watoe watu wengi, na msomewe hesabu hadharani. Mkutano mkuu wa kijiji kwa utaratibu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukifika, nyoosha mkono, uliza baraza la wazee limetengewa nini mwaka huu, na usikae chini mpaka jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Na ukisikia jina la bibi linanong'onwa msibani, usisubiri Juni: nenda kwake jioni hiyo hiyo, kaa naye, watu wakuone umekaa naye, kisha mpeleke mwenyekiti wa kitongoji na polisi wa kata wakamwone pia.